Bundi wa Shaba Aliyesafiri Kwenye Pindo la Kanga

Tangu nirudi nimekuwa nikitoa habari kwa vipande. Mwalimu Mkuu amepewa kipande cha ndege, Mwalimu Tatu amepewa cha chakula, na wale wa darasa la awali wameambiwa tu kwamba lile jengo refu nililiona kwa mbali na sikulipanda. Matokeo yake kila mmoja ana safari yake kichwani, na jana nimesikia kwamba nilikwenda Dubai kuuza dhahabu. Basi naandika yote hapa, mpeane, nami niachiwe nafasi nisahihishe madaftari.

Mambo ya viza na tiketi nayaruka. Yalinichosha mara moja, yanatosha.

Korogwe: kopo la vifungo

Zaina, mdogo wangu, mnamjua. Anafanya kazi Dubai kwa mzee mmoja wa Kigiriki, Mzee Stavro, aliyezaliwa huku huku kwetu kwenye shamba la mkonge na kulelewa na yaya wa Kibondei. Aliondoka akiwa kijana, akaishi kwao Ugiriki, na uzeeni akahamia Dubai kwa binti yake, Madam Eleni, ambaye ana cheo kwenye hoteli. Kisha akapata kiharusi. Kigiriki kikampotea, Kiingereza kikampotea, kikabaki Kiswahili cha utotoni. Binti yake hajui Kiswahili hata cha kuomba maji. Ndiyo maana akatafutwa mtu wa Korogwe, na Zaina akawa miguu ya mzee na mdomo wake pia.

Kando ya kitanda cha mzee, Madam Eleni aliweka sarafu ya shaba ya kale sana, ya mji wa Athene, ambayo mzee alirithi kwa baba yake. Upande mmoja ina kichwa cha mwanamke mwenye kofia ya vita. Upande wa pili ina bundi. Madam aliisimamisha kwenye kibao kidogo, bundi akimtazama mgonjwa usoni, akiamini anamfariji.

Nyinyi mnajua mgonjwa wa kwetu angesema nini. Mzee Stavro alisema hivyo hivyo. Alimwambia Zaina, "Mtoe huyu bundi. Ni uchuro." Zaina hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Akaitoa ile sarafu, akaitumbukiza kwenye kopo la maziwa analowekea vifungo, akaendelea na kufua. Kosa lake ni kwamba hakumwambia madam siku ile ile. Mzee akapata nafuu kidogo, sarafu ikasahaulika, na rafiki yake mmoja alipokuwa anarudi Tanga, Zaina akamfungia boksi la vitu vyangu: sabuni, kanga, na lile kopo, kwa kuwa mimi ndiye ninayeshona.

Madam alipoiulizia sarafu, kopo lilikuwa kabatini kwangu. Zaina akaeleza ilivyokuwa. Madam akamuuliza ni neno gani hasa alilosema baba yake. Zaina akasema, "Uchuro." Madam akasema hajawahi kulisikia neno hilo mdomoni mwa baba yake, na kwamba ni rahisi sana kumsingizia mtu asiyeweza kujitetea. Sarafu irudi, la sivyo anakwenda polisi.

"Dada," Zaina aliniambia kwenye simu, "nikiandikiwa wizi huku, khalas. Hakuna nyumba itakayonichukua tena, hapa wala kwingine. Na nikirudi huko nitarudi na jina hilo."

Nilitaka kumpa mtu aipeleke. Zaina akakataa katakata, alisema imeshapita mikono ya kutosha. Basi nikaenda mwenyewe, mimi ambaye safari yangu ndefu kabla ya hapo ilikuwa semina ya Dodoma.

Nilipoimwaga na vifungo mezani sikuamini kwamba kitu chenyewe ni hicho. Ni ndogo kama kifungo cha koti, nene, na yote imefunikwa rangi ya kijani iliyokolea. Niliona aibu kwa niaba ya Zaina. Sisi hatukulelewa kurudisha chombo cha watu kikiwa na uchafu, hata kama tulikikuta nao. Nikakata ndimu, nikachota majivu jikoni, nikaisugua kama tulivyokuwa tukisugua sinia za mama kabla ya Idi. Kijani kikatoka, shaba ikatokea, bundi akang'aa macho yote mawili. Niliridhika sana na kazi yangu. Nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikaiweka kanga kwenye mkoba, na kwenye sanduku nikapakia ubuyu na machungwa ya Muheza.

Dar: kitu ambacho hakikuguswa

Basi la asubuhi lilifika Dar salama, na hiyo ndiyo habari yake yote. Uwanja wa ndege ndio uliokuwa na maneno. Mkoba wangu ulipopita kwenye mashine, binti wa ukaguzi aliurudisha, akaupitisha tena, kisha akanivuta kando.

"Mama, kuna kitu kimefungwa kwenye nguo."

Nikatoa kanga, nikamwonyesha pindo lililofungwa fundo, nikaanza kulifungua. Akaona fundo, akaona uzi mweusi niliouzungushia ili lisilegee, akarudi nyuma.

"Usifungue," akasema. "Kama ni kinga yako, basi baki nayo."

"Si hirizi, mwanangu. Ni sarafu. Ina bundi."

Hapo ndipo nilipoharibu. Akamwita mwenzake, mwanamume mwenye miwani, wakanong'ona. Yule mwanamume akauliza kama kina ncha kali. Nikasema hakina. Kinaweza kulipuka? Nikasema hakiwezi. Akasema, "Pita nacho mama, Mungu akutangulie." Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kupewa njia kwa heshima kama ile.

Ndege ikachelewa. Tulikaa mpaka chai ya kule ndani, ambayo ni maji ya moto na kifuko chenye uzi, ikanishinda mara mbili. Aliyekuwa jirani yangu kwenye viti, na baadaye ndani ya ndege, alikuwa Bi Rukia, mama wa makamo kutoka Unguja anayekwenda kumwona mwanawe. Tulizungumza vizuri mpaka aliponiuliza ninakwenda kufanya nini. Nikamweleza.

"Huyo bundi umemtia wapi?" akauliza.

"Humu," nikasema, nikagusa mkoba miguuni.

Akauvuta mkoba wake akauweka katikati yetu. Mbele kidogo akasema yeye haamini mambo hayo, ni ya watu wa zamani, lakini aliusoma uradi wake tangu tulipoacha ardhi mpaka chakula kilipoletwa. Chakula kilikuwa kuku na tambi zilizoshikana. Mimi nilikula mkate. Bi Rukia alikula kuku wake, akaniuliza kama nakula wangu, akamla na yeye. Tulipotua alinishika mkono akasema, "Nenda kamvue nduguyo aibu," na kwa neno hilo nilimsamehe kuku.

Al Rigga: kusubiri

Zaina alinipokea amekonda. Nilimkumbatia mpaka mhudumu wa vitoroli akatupigia kelele, "Yalla, yalla," tukasogea.

Habari ya kwanza ilikuwa kwamba Madam Eleni amesafiri kikazi, atarudi baada ya siku mbili, na amekataza mgeni yeyote asiingie ndani akiwa hayupo. Kwa hiyo nikapelekwa Al Rigga, kwa rafiki yake Zaina aitwaye Njeri, Mkenya wa Nyeri anayefanya kazi kwenye hoteli. Niliambiwa nimepata kitanda. Nilidhani kitanda kiko ndani ya chumba changu. Kumbe nimepata kitanda chenyewe, chenye pazia, katika chumba cha wanawake wengi, na kila pazia lina maisha yake nyuma. Hakunisumbua hata mmoja, lazima niseme hivyo. Wanaingia na kutoka kwa zamu, wanavua viatu mlangoni, na simu wanaongea kwa minong'ono.

Njeri alinitia hasira siku ya kwanza. "Mwalimu, leta hiyo sufuria," aliniambia. Baadaye, "Mwalimu, songa kidogo." Hakuna naomba, hakuna tafadhali, hakuna samahani. Nikanuna. Jioni akanipikia ugali na sukuma wiki, akanipa nyama yote iliyokuwemo, yeye akala mchuzi, akanifulia na kanga niliyovaa safarini. Nikaelewa kwamba kwao adabu imewekwa mahali pengine, si kwenye neno naomba. Toka hapo akisema leta, naleta.

Asubuhi alinipeleka kunywa karak kwenye kidirisha cha mgahawa. Ni chai ya maziwa iliyochemka mpaka imekuwa nzito, ina iliki, inatolewa kwenye kikombe cha karatasi. Ndiyo kitu pekee Dubai nilichokubali bila masharti.

"Lakini mwalimu," Njeri akaniuliza, "wewe unaamini hiyo story ya bundi?"

Nikamwambia kuamini kwangu si hoja. Mgonjwa ameomba kitu kitolewe machoni pake, kimetolewa.

"Sawa. But huyo madam hasikii Kiswahili. Kwake ni Zaina against mtu hawezi ongea. Si rahisi." Akapuliza karak yake. "Sisi huku ukisemwa mwizi, hata kama si ukweli, jina linabaki kwa mlango ya kila mtu."

Siku hizo mbili nililala vibaya.

Al Garhoud: mlangoni na ndani

Madam aliporudi, Zaina akanipigia niende. Jengo lao liko Al Garhoud, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege zinapita juu yako ukiwa unapunga teksi. Mlangoni nilimkuta askari wa ulinzi, Mkenya mwingine, Wanjala, mtu wa Kitale, mrefu na mpole. Akaangalia mfuko wangu.

"Na hizi machungwa, mathe? Mbona ziko green? Hazijaiva. Zitaumiza mzee tumbo."

Nimekuwa mwalimu kwa muda mrefu mno kuliacha hilo lipite. Nikamsahihisha ngeli kwanza, kwamba ni haya machungwa, kisha nikamsahihisha kuhusu kuiva. Nikamwambia machungwa ya Muheza yanaiva na kijani chake, hilo ndilo ganda lake, na mtu anayengoja yageuke rangi ya plastiki atangoja mpaka yaoze. Nikamenya moja pale pale, nikampa nusu. Akala, akaomba nusu ya pili. Nikapanda juu nimechangamka kama mtu aliyeshinda kesi.

Madam Eleni alikuwa mwanamke wa umri wangu, macho mekundu kwa uchovu, na alinipa mkono. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, haikuwa rahisi. Mzee alikuwa amelala. Zaina alisimama karibu na mlango wa jikoni, mikono ndani ya aproni. Nikafungua pindo, nikaiweka sarafu mezani.

Madam aliitazama. Akachukua simu, akatafuta picha, akaiweka simu kando ya sarafu. Kwenye picha kulikuwa na kitu cha rangi ya kijani iliyokolea. Mezani kulikuwa na kitu kinachong'aa kama kitasa kipya.

"Hii siyo," akasema kwa Kiingereza, taratibu.

Nikamwambia ndiyo yenyewe, niliiosha tu. Akauliza niliiosha kwa kitu gani. Nikasema kwa ndimu na majivu.

"Kwanza nikaambiwa baba yangu ametamka neno ambalo sijawahi kulisikia," akasema. "Leo naambiwa sarafu imeoshwa kwa majivu. Ungekuwa wewe ungeamini?"

Zaina alinitazama mimi, si madam, na jicho lake lilikuwa linaniuliza umefanya nini dada. Nimesafiri kuja kumtoa mdogo wangu shimoni, na kumbe nilikuja na jembe. Niliwaza hivyo nikiwa nimekaa kwenye kochi la watu nikiwa na mfuko wa machungwa mapajani, na kama kungekuwa na pa kujificha ningejificha.

Nikamwambia madam lazima yupo mtu katika mji huu anayezijua sarafu hizi kuliko mimi na yeye. Aipime huyo. Akisema siyo, polisi waniite mimi, si Zaina, kwa kuwa mikononi mwangu ndiko ilikobadilika. Akafikiri. Akasema yupo, mzee wa Kihindi upande wa Bur Dubai, aliyekuwa akizungumza na baba yake kuhusu sarafu zamani. Tutakwenda kesho, mimi na yeye.

Bur Dubai: sehemu ilipopiga nyundo

Tulivuka maji kwa abra, mashua ya abiria yenye benchi katikati, jua la saa sita likiwa kichwani. Madam alikaa mbali nami kwa urefu wa mtu mmoja. Sarafu alikuwa nayo yeye sasa, kwenye bahasha. Kila mashua ilipoyumba nilishika benchi na yeye akashika bahasha.

Duka lilikuwa ghorofani, juu ya maduka ya vitambaa. Ni chumba kimoja chenye kabati za droo nyembamba na feni. Bwana Kantilal, mwenye duka, alimwuliza kwanza madam hali ya baba yake, akasikitika vya kutosha, ndipo akavuta taa na kuweka lenzi jichoni. Aliitazama sarafu, akatoa sauti ndogo ya maumivu.

"Nani amefanya hivi?"

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Umeichuna ngozi, madam," akaniambia. Hakuwa mkali, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akaeleza kwamba ile rangi ya kijani haikuwa uchafu. Shaba iliyokaa ardhini kwa muda mrefu namna ile hujifanyia ngozi yenyewe, ngumu na laini, na ngozi hiyo ndiyo inayoilinda na ndiyo wanayoipenda wanaozikusanya. Ikishatolewa hairudi kwa umri wa mtu.

Niliyakumbuka machungwa yangu. Nilimfundisha Wanjala mlangoni kwa sauti kubwa kwamba kijani si ubichi, na huku mkobani nilikuwa na kitu nilichokimenya kwa kosa lile lile. Nilitamani kucheka na sikuweza.

Akaomba picha. Akaivuta ikawa kubwa, akaiweka chini ya taa pamoja na sarafu, akaanza kupeleka kidole huku na huku. Ilichukua muda. Ili tusikae kimya, nadhani, alizungumza akiwa anafanya kazi. Alisema miji ya Wagiriki ilikuwa kila mmoja na sarafu zake na alama yake: mji huu waridi, mji ule nyuki, Athene bundi. Fedha yao nyeupe ilisafiri, ilipokelewa ng'ambo kwa uzito wake. Hii ya shaba ilikuwa ya sokoni, ya kununulia samaki na vitunguu, na thamani yake ilikuwa ni kukubaliana tu kwa watu wa mji ule. Ukitoka nje ya mji nayo ni kipande cha chuma, muuza samaki wa mji wa pili hakupi hata kichwa cha samaki.

Nikamfikiria Mzee Stavro na Kiswahili chake cha Korogwe. Katika nyumba ile, mtu wa kukipokea alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa anaitwa mwizi.

"Kwetu," Bwana Kantilal akaongeza bila kuinua kichwa, "kumwita mtu bundi ni kumwambia mjinga."

"Kwetu ni kumwambia anakufa," nikasema.

Madam Eleni akageuka akanitazama. "Kwetu ni akili," akasema. "Ni ndege wa mji. Baba alikuwa akinipa niishike nikienda kwenye mitihani."

Bwana Kantilal akatoa lenzi. Akatuita tusogee. Kwenye picha na kwenye sarafu, bundi amekaa upande, si katikati, na vidole vya mguu mmoja vimekatika kwa kuwa kipande cha shaba kilikuwa kidogo kuliko muhuri. Ukingoni kuna ufa mfupi uliopinda. Nyuma ya shingo ya yule mwanamke kuna mbonyeo. Vyote viko.

"Mtu anaweza kubadili rangi," akasema. "Hawezi kubadili mahali nyundo ilipopiga. Hii ndiyo ya baba yako. Sasa ni maskini kidogo, lakini ndiyo."

Nikakaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa. Alinipa maji.

Wakati wa kuvuka kurudi, madam alikaa karibu. Akaniuliza uchuro ni nini hasa. Nikamwambia ni jambo la kuashiria msiba, na pia tendo la kuuita msiba, kama mtu kuimba kilio nyumbani ambako hakujafiwa. Nikamwambia bundi akilia juu ya paa la mgonjwa, kwetu watu wanatoka kumfukuza.

"Na mimi nilimweka kando ya kitanda chake," akasema.

"Hukujua."

"Sijui kama nimekuamini," akasema. Nilimheshimu kwa kusema hivyo waziwazi. Sarafu ilikuwa imethibitika, lakini lile lililobaki, kama Zaina aliichukua kwa kutumwa au kwa tamaa, Bwana Kantilal hakuwa na lenzi yake.

Al Garhoud tena: chumbani kwa mzee

Mzee alikuwa macho, ameegemezwa mito, Zaina akimlisha uji. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona. Mwembamba, nyusi nene, mkono mmoja umelala tu juu ya shuka.

Madam alitoa sarafu kwenye bahasha akaelekea kile kibao. Zaina akaweka kijiko.

"Madam, please, no," akasema.

Madam hakusikia, au alisikia na alitaka kuona. Akaisimamisha pale pale pa zamani, bundi akimwelekea baba yake, naye akang'aa kwa sababu ya ndimu zangu kuliko alivyowahi kung'aa.

Mzee aliitazama. Uso ukamkunjamana upande mmoja, ule unaofanya kazi. Mkono mzima ukainuka.

"Nani kamrudisha?" akasema. Kilikuwa Kiswahili cha kwetu kabisa, cha barazani Korogwe, kilichotoka kwa Mzungu wa watu. "Zaina, nilisema mtoe. Uchuro huu. Uchuro."

Zaina alifunua mdomo ili atafsiri, kama ilivyo kazi yake. Madam akainua kiganja kumzuia. Neno lilikuwa limeshafika bila sisi.

Madam Eleni aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Uchuro," akasema. Alilitamka kama mtu anayekanyaga jiwe la mtoni kuona kama litamshika.

Mzee akageuza shingo. Zaina aliniambia baadaye kwamba tangu kiharusi, madam alikuwa akimsemesha Kigiriki naye mzee anatazama dirishani. Safari hii alimtazama yeye.

"Ee," akamjibu. "Uchuro, Eleni."

Alimtaja jina. Madam akaweka kichwa kwenye shuka karibu na ule mkono uliolala, akalia, na mimi nikalia, sioni sababu ya kuficha. Zaina hakulia. Aliinua sarafu kwenye kibao kuiondoa, kisha akasita, akaigeuza, akamwonyesha mzee upande wa pili.

"Na huyu je, Bwana?"

Mzee akakodoa. "Nani huyo?"

"Mama mmoja. Kavaa kofia."

Akamtazama kwa muda. "Huyo akae," akasema.

Basi ikalazwa kwenye kibao, yule mama juu na bundi chini. Madam akajifuta uso, akasimama mbele ya Zaina, na akasema mbele yangu na mbele ya baba yake kwamba alimwita mwizi na haikuwa kweli. Zaina akasema, "Yes, madam," akaenda bafuni akafunga mlango, na huko ndiko alikolia.

Nikabaki na mzee. Akaniuliza ninatoka wapi. Nikasema Korogwe. Akauliza kama mvua imenyesha. Nikamenya chungwa. Aliona ganda la kijani na hakuniuliza kama limeiva.

Nyumbani

Nilirudi bila mkasa wowote wa kuandikwa. Watu wa ukaguzi wa Dubai walifungua kanga yangu, wakakuta pindo tupu.

Zaina amebaki kazini kwa hiari yake; nilimwambia anaweza kurudi nami, akasema mzee atasema na nani. Tunaongea Jumapili. Juzi nilimuuliza kama bundi bado anasumbua. Akasema kila asubuhi mzee akiamka anauliza jambo moja: "Yuko wapi?" Na anajibiwa: "Kalala kifudifudi."

Nikamwambia vizuri, endelea kumjibu hivyo.

"Si mimi ninayemjibu," Zaina akasema. "Ni madam. Anaamka kabla yangu. Neno lenyewe linamshinda, anasema kifudi-kifudi, mzee anamsahihisha, anarudia."